BANDU BANDU HUISHA GOGO: MTAMBO WA KUSAFISHIA CHUPA KUUKUU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wapo wenzetu hapa shuleni wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na ngano tu, na ati ukitaka kueleza habari za mota na puli sharti ukimbilie Kiingereza. Mimi sikubaliani nao hata chembe. Hebu tuketi pamoja nikueleze kwa lugha yetu namna ya kuunda mtambo mdogo wa umeme unaosafisha chupa za zamani zilizofanya ukungu. Ukimaliza kusoma, amua mwenyewe kama kuna mahali lugha ilinikwama.

Mtambo huu si uvumbuzi wangu. Huko Marekani na Uingereza kuna watu wenye mazoea ya kukusanya chupa za kale. Watu hao huchimbua majaa ya zamani, na hata mashimo ya vyoo vilivyofukiwa, wakitafuta chupa za dawa, za soda na za wino. Wao ndio walioeneza mtambo wa aina hii. Sisi hapa Mombasa hatuna haja ya kwenda mbali. Fundi akichimba msingi wa nyumba katika mitaa ya zamani, si ajabu kukuta chupa moja mbili zimechanganyika na vigae. Nyingi hutupwa. Nyingine husuguliwa kwa mchanga na steelwool mpaka zikaharibika kabisa.

Mjomba wangu ni fundi wa umeme, na katika karakana yake ndipo tulipouunda mtambo wetu. Vijana wa pale wanauita "bingiri" kwa kuwa kazi yake ni kubingirika tu, usiku na mchana. Nami nitalitumia jina hilo hilo.

Kwa nini chupa hufanya ukungu?

Kwanza tuufahamu ugonjwa kabla ya kutafuta dawa. Kioo cha chupa hutengenezwa kwa mchanga mweupe, magadi na chokaa, vyote vikayeyushwa pamoja kwa moto mkali. Chupa ikilala ardhini miaka mingi, unyevu wa udongo huivuta ile sehemu ya magadi kidogo kidogo kutoka kwenye uso wa kioo. Kinachobaki ni utando mwembamba wenye vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukipiga pale hutawanyika, na chupa huonekana nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Pengine hata hutoa rangi za upinde wa mvua.

Kwa hivyo ukungu huo si uchafu uliogandia juu ya kioo. Ni kioo chenyewe kilichougua. Ndiyo maana sabuni haiuondoi, wala ndimu, wala siki. Ndimu na siki huondoa kutu na chokaa iliyoganda, basi.

Ukitaka kujua chupa yako ina shida gani, itie maji. Ikiwa ukungu unatoweka ikiwa mbichi, kisha unarudi chupa inapokauka, jua kuwa ni kioo kinachougua, kwa sababu maji yamejaza vile vishimo kwa muda tu. Dawa yake ya kudumu ni moja: kuuondoa ule utando wote, hadi ukifikie kioo kizima kilicho chini yake.

Siri ya shaba

Nilipoelezwa hivyo nilimuuliza mjomba, "Mbona basi tusitie mchanga na maji ndani ya chupa tukaitikisa?" Akanijibu, "Mwanangu, mchanga ni adui wa kioo."

Alikuwa na sababu. Wanasayansi hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10. Kioo cha kawaida kina ugumu wa 5 na nusu hivi. Mchanga wa kawaida ni 7, kwa hivyo unakichana kioo na kuacha mikwaruzo. Shaba nyekundu, ile mafundi waiitayo kopa, ni 3 tu. Haiwezi kukichana kioo hata ikitaka.

Sasa utauliza, kama shaba haikichani kioo, itaondoaje ukungu? Kumbe kazi yake ni kuwa mkono tu. Kinachosugua ni unga laini mno wa oksidi ya alumini, wenye ugumu wa 9. Unga huo hung'ang'ania kwenye shaba iliyo laini, na shaba huupitisha juu ya kioo taratibu, kama mtu anayepiga viatu rangi kwa kitambaa. Chembe za unga ni ndogo mno hata mikwaruzo yake haionekani. Kinachoonekana ni mng'aro.

Shaba hukatwa vipande vidogo. Sisi tulitumia waya wa kuwekea umeme nyumbani, ule wa milimita mraba 2.5, tukaukata vipande vya milimita 6. Kipande kimoja huwa na uzito wa gramu 0.13 hivi. Piga hesabu mwenyewe: kilo moja ni vipande zaidi ya 7,000, na bingiri letu linahitaji kilo tatu na ushei! Tulikata jioni baada ya jioni, viganja vikaota sugu. Ama kweli, mchumia juani hulia kivulini.

Hapa nitoe onyo. Shaba ni mali, na wapo watu wanaoiba nyaya za umeme na kuziuza. Mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa. Kwa hivyo usinunue shaba usiyojua imetoka wapi. Waendee mafundi wanaoweka umeme majumbani, watakupa vipande vinavyobaki. Tena usichome waya ili kuondoa plastiki yake, kwani moshi wake ni sumu. Ichune kwa kisu.

Vifaa na uundaji

Vitu tulivyotumia ni hivi:

1. Mota ya mashine ya kufulia iliyoharibika, inayozunguka mara 1,400 kwa dakika.
2. Fremu ya mbao nzito isiyotikisika.
3. Vyuma viwili vya mviringo vya milimita 16, urefu wa sentimita 60 kila kimoja. Hivi ndivyo shafti.
4. Beringi nne, kila moja katika kikao chake kinachofungwa kwa bolti.
5. Mpira wa maji wa kuvisha zile shafti mpaka ziwe na unene wa milimita 25.
6. Puli ndogo ya milimita 50 na puli kubwa ya milimita 300, pamoja na ukanda wake.
7. Paipu ya plastiki ya maji taka ya inchi 4, urefu wa sentimita 28, na vizibo vyake viwili, kimoja cha gundi na kimoja cha skrubu.

Funga shafti mbili sambamba juu ya fremu, zikiachana kiasi cha paipu kuweza kulala katikati bila kudumbukia. Shafti moja huzungushwa na ukanda. Ya pili hufuata tu. Mpira uliovishwa huzuia paipu kuteleza. Puli kubwa usiinunue. Chonga duara mbili tatu za plaiwudi, zigandishe pamoja kwa gundi, kisha uchimbe mfereji wa ukanda ukingoni.

Jambo moja ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba paipu hutembea. Inapozunguka husogea upande mmoja polepole kama kaa, na mwishowe huanguka. Weka kigurudumu kidogo kila mwisho wa fremu ili paipu ikifika hapo iguse na kuzunguka pale pale.

Hesabu ya mwendo

Hapa ndipo penye moyo wa mtambo, kwa hivyo naomba usiruke. Bingiri likienda kasi kupita kiasi, shaba yote hubanwa ukutani mwa paipu na kuzunguka nayo. Haianguki, haisugui. Likienda polepole mno, shaba hulala tu chini kama mamba. Tunachotaka ni shaba ipande kidogo ubavuni, kisha iporomoke juu ya chupa tena na tena.

Paipu yetu ina nafasi ya milimita 104 kwa ndani. Ukifanya hesabu ya mwendo wa duara, utaona kuwa shaba itaganda ukutani paipu ikifika mizunguko 131 kwa dakika. Mwendo mzuri ni kama asilimia 40 ya huo, yaani mizunguko 50 na kitu.

Sasa mota yetu inakwenda 1,400. Tunaipunguzaje? Tunaipunguza mara mbili. Kwanza kwa puli: 1,400 mara 50 gawanya kwa 300 ni 233. Hiyo ni kasi ya shafti. Pili, shafti yenye unene wa milimita 25 inaizungusha paipu yenye unene wa milimita 110, kwa hivyo mwendo unagawanywa kwa 4.4. Tunapata mizunguko 53 kwa dakika. Barabara kabisa!

Wenzangu mnaolia kwamba uwiano katika hisabati hauna kazi nje ya darasa, mnaona?

Mizunguko 53 kwa dakika yaonekana michache. Lakini kwa siku moja ni zaidi ya 76,000, na kwa siku nne ni zaidi ya 300,000. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusugua hivyo. Bandu bandu huisha gogo.

Kuipakia chupa

Osha chupa kwanza kwa maji na sabuni utoe udongo wote, maana punje moja ya mchanga ikibaki itaharibu kazi. Kisha fuata hatua hizi.

Tia shaba ndani ya chupa kiasi cha thuluthi moja, maji ya kuifunika, na kijiko cha chai cha unga. Ziba mdomo kwa kizibo cha mpira. Iweke chupa katikati ya paipu, kitako chake kikishikwa na kisahani cha mbao chenye misumari mitatu iliyovishwa mpira, na kile kizibo cha mdomoni kikikaa ndani ya kisahani cha pili. Chupa lazima ishikike imara na isiguse ukuta wa paipu. Jaza shaba pande zote hadi kimo cha nusu ya chupa ikiwa imelala, mimina maji yaifunike shaba, tia vijiko viwili vya kulia vya unga, kisha funga.

Washa na usikilize. Sikio ndilo kipimo. Ukisikia sauti laini kama mvua ya rasharasha juu ya mabati, mambo ni shwari. Ukisikia ngo! ngo! ngo! zima mara moja, chupa imelegea au shaba ni chache. Usiposikia kitu, shaba imejaa mno na haisogei.

Fungua kila siku uitazame. Chupa yenye ukungu mwepesi huweza kuwa tayari kwa siku tatu. Iliyougua sana huchukua wiki au zaidi. Unga ukiwa wa kukwaruza zaidi, kama silikoni kabaidi, hukata utando haraka, lakini huiacha chupa imefifia. Ukiutumia huo, ioshe shaba mara nyingi kabla ya kutia unga laini wa kung'arishia. Bora hata kuwa na shaba mbili mbalimbali.

Gharama ya umeme nayo usiisahau. Mota inayokula wati 200, ikienda saa 96, hula uniti 19 na nukta mbili. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye tokeni zenu, kisha ujiulize kama chupa hiyo ina thamani ya gharama hiyo. Ndiyo maana sisi tulirefusha shafti zikaweza kubeba paipu mbili pamoja.

Usalama

Maji na umeme hawakai nyumba moja. Mota iwe juu kuliko paipu ili paipu ikivuja maji yasiifikie. Iwe na waya wa kwenda ardhini, na swichi iwe mahali mkono unafika upesi. Mota za mashine ya kufulia huwa na kapasita inayoweza kukupiga hata baada ya kuzimwa. Kwa hivyo mwachie fundi wa umeme kazi ya kuunganisha. Funika ukanda na puli kwa kibanda cha mbao. Leso, buibui na tai ya shule zikae mbali.

Unga uchanganywe na maji, usivutwe puani ukiwa mkavu. Yale maji meusi yanayobaki usiyamwage kwenye sinki, kwani yana vumbi la kioo na la shaba, nayo huganda kwenye bomba kama saruji. Yaache kwenye ndoo yatuame. Na chupa yenyewe usiitilie chakula wala kinywaji, hujui zamani ilibeba nini.

Si kila chupa iingie

Sasa nafika kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Bingiri halirudishi kitu mahali pake. Linaondoa tu. Kila mzunguko unachukua sehemu ndogo ya kioo, na kioo kilichoondoka hakirudi. Lile gogo linaloisha kwa bandu bandu linaweza kuwa ukungu, na pia linaweza kuwa chupa yenyewe, pamoja na herufi zilizoinuka ubavuni mwake zinazotueleza ilitoka wapi.

Bibi mmoja jirani yetu alituletea chupa ndogo ya rangi ya samawati iliyokuwa ya marehemu baba yake. Ilikuwa na ukungu mzito, na maandishi yake yalikuwa yamefifia hata hayasomeki vizuri. Akamwambia mjomba, "Mwanangu, nisafishieni, lakini mnirudishie ile ile."

Mjomba aliigeuza mbele ya dirisha kwa muda mrefu. Alinionyesha alama ya mshono wa kalibu iliyopanda ubavuni ikakatika chini ya mdomo. Chupa zinazotengenezwa na mashine huwa na mshono unaopanda mpaka juu ya mdomo wenyewe. Mashine ya kwanza ya kufanya kazi hiyo yote iliundwa na Mmarekani Michael Owens mwaka 1903. Mshono ukikatika chini ya mdomo, mara nyingi ni ishara kwamba mdomo ulimaliziwa kwa mkono wa fundi.

"Hii haiingii," akasema. "Nikiing'arisha, nitamrudishia chupa nyingine."

Basi tulifanya nini? Tuliiosha kwa maji ya vuguvugu na brashi laini, tukaikausha, kisha tukaipaka tone moja la mafuta ya cherehani kwa kitambaa. Mafuta yale hujaza vile vishimo kama maji yanavyojaza, ila hayakauki upesi. Ukungu ulipungua mno, na herufi tatu zikasomeka. Akitaka, mafuta hayo yanaoshwa kwa sabuni na chupa inarudi ilivyokuwa. Bibi aliishika, akaipeleka kwenye mwanga, akatuombea dua. Hakuna kipande cha kioo kilichopotea.

Chupa yenye ufa pia isiingie, maana ufa hutembea. Yenye karatasi au maandishi ya rangi isiingie, yatafutika. Chupa ya gololi, aina iliyobuniwa na Mwingereza Hiram Codd mwaka 1872, mimi nisingethubutu kuitia, kwa sababu gololi iliyofungiwa shingoni itagonga kioo usiku kucha.

Tena kuna sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale. Ukidhani chupa yako ni ya umri huo, usiipake chochote wala usiiuze. Ipeleke makumbusho, na kwa sisi wa Mombasa hapo Fort Jesus ni karibu. Eleza pia mahali ilipopatikana, maana wachimbuaji wa mambo ya kale hujifunza mengi kutokana na mahali kitu kilipolala kama wanavyojifunza kutokana na kitu chenyewe.

Tamati

Wanafunzi wenzangu, shime! Vifaa vyote nilivyovitaja vinapatikana kwa mafundi wa jua kali, na vingi ni vile vilivyokwisha kutupwa. Ukiunda bingiri lako, anza na chupa ya kawaida ya juzi juzi, isiyo na historia wala mwenyewe, uijaribu mpaka sikio lako lizoee ile sauti ya rasharasha. Halafu kabla ya kutia chupa nyingine yoyote, ishike mbele ya dirisha, utafute mshono wake, uzisome herufi zake. Uliza ni ya nani. Swichi haikimbii.

Walimu wetu nao nawaomba radhi kwa hesabu nilizopenyeza katika ukurasa wa Kiswahili. Anayetaka kuzihakikisha na azifanye upya, kisha tukutane Ijumaa kwenye kikao cha chama tukazijadili. Kwa Kiswahili.